Baba Shija, Usishuke Tena Duarani

Baba Shija,

Kama kuna mtu anakusomea barua hii, mwambie asiruke mstari. Kama unaisoma mwenyewe kwa kidole, ulivyozoea, basi usingoje kufika mwisho ndipo uamue. Amua hapa hapa: usishuke duarani leo, usiingie shimoni. Hata kama zamu yako imefika, hata kama wenzako wamekwishafunga kamba na mwamba umeanza kuonyesha rangi, kaa juu. Tafuta kivuli, ndipo usome yaliyobaki.

Sikuandikii kukugombeza, ingawa Mungu anajua ninayo ya kukugombeza ya kujaza gunia. Hayo yatasubiri. Naiandika barua wazi, ionwe na kila mwenye macho, kwa sababu sina mahali pa kuielekeza. Simu yako haipatikani tangu kabla ya mvua. Nimepiga mpaka yule dada wa kwenye mtandao nimemchukia kama mke mwenza. Mmoja ananiambia alikuona Katoro, mwingine Runzewe, wa tatu anaapa ulikuwa maeneo ya Bulyanhulu unasukuma baiskeli yenye viroba vya mawe. Wanaapolo, ninyi wachimbaji wadogo, ndivyo mlivyo: dhahabu ikiibuka mahali, mtu anabeba nyundo na moko wake wa kupasulia mwamba anaondoka, kuaga ni baadaye. Basi nimeitoa nakala steshenari. Naibandika kwenye makarasha mnakosagia mawe, kwenye vibanda vya kuchajia simu, kwa mama ntilie, popote mchimbaji anapoweza kusimama na kuinua macho. Aibu nimeiweka kando. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi natapatapa hadharani.

Unaukumbuka mnada wa Runzewe? Watu walikuwa wamejazana mbele ya nyama choma, hakuna pa kupenya, nami nimesimama nyuma na urefu wangu wote nikiwa sina faida nao. Wewe ukapita chini ya makwapa ya watu ukatokea upande wa pili na kipande cha mbavu mkononi. Nilicheka mpaka kanga ikaniponyoka. Ukanitazama kutoka huko chini ukasema, "Dada, unacheka nini, wewe uliyezaliwa umesimama?" Nikakujibu kwamba afadhali mimi nimesimama, wewe bado umechuchumaa. Ukanigawia nusu ya nyama yako, na mimi nikajua nimepatikana.

Siku ulipokuja kwetu na wajomba zako kuzungumza habari za ng'ombe, shangazi yangu alininong'oneza jikoni, "Ndiye huyu, au huyu ni mdogo wake?" Nilikusimulia baada ya harusi, ukacheka kuliko mimi. Ulisema urefu wako umeuacha kwa mama yako uutunze, utaufuata ukizeeka. Ndivyo ulivyokuwa. Mtu akitaka kukudhihaki anakuta wewe umekwishajidhihaki, anabaki mdomo wazi.

Mimi nilipenda macho yako. Yamekaa mbalimbali, yanamtazama mtu taratibu kana kwamba yana nafasi ya kumwona mzima mzima. Nilipenda hata shingo yako iliyozama mabegani, maana nilikuwa naegemeza kidevu hapo bila kuinama sana. Machimboni walikupa jina la Mchwa. Tundu ambalo mwingine anakwama mabega, wewe ulipita na nyundo yako na ukarudi na kiroba. Ulisema Mungu alikuchonga kwa kipimo cha duara. Tulicheka, na tulikula kwa sababu ya ufupi huo, sikatai.

Halafu akazaliwa mwanetu.

Unakumbuka alivyokuwa. Uso umevimba, masikio yamekaa chini yamegeukia nyuma, ngozi ya shingo imezidi utadhani amevaa nguo isiyo yake. Hakunyonya. Alilia mpaka sauti ikawa nyembamba, na mimi nikalia naye. Mama yako, huyu ninayemwita mayu mpaka leo, aliingia akamchukua mikononi akasema mtoto hana ugonjwa, anadai jina. Kwetu mtoto asiyenyamaza kuna mzee wa ukoo anayegonga mlango, na mlango hufunguliwa kwa kumtaja. Nikakaa kwenye kigoda, ziwa tayari, mayu akaanza kutaja mmoja mmoja, wa upande wenu na wa upande wetu. Kila jina likitajwa ninamgusisha ziwa mdomoni, anageuza uso. Alipofika kwa Shija, jina la baba yako, mtoto akashika ziwa.

Baba yako hukumjua. Alifariki wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni, na picha hakuacha. Na jina la Shija halichagui mvulana wala msichana, hata binti yetu lilimfaa. Ulitoka nje ukachinja jogoo mwenyewe, damu ikakurukia shati, ukarudi na machozi usiyoyaficha. Ukasema, "Baba amerudi." Mayu akaja kukaa karibu yangu, akamtazama mtoto muda mrefu, akalia kimya kimya. Nilidhani ni furaha tu.

Shija alichelewa kukaa, akachelewa kutambaa. Wenzake walipokwenda kuchota maji na vidumu vyao, yeye alikuwa ndiyo anaanza kusimama kwa kushika ukuta. Maneno yalimjia machache. La kwanza ulilileta wewe. Ulikuwa ukirudi jioni unavua ile tochi ya kichwani, unaielekeza ukutani, unatengeneza mbuzi na bata kwa vidole, naye anapiga makofi. Siku moja akainyooshea kidole tochi yenyewe akasema, "Baba." Ukamwambia, "Hiyo tochi, mama, Baba ni huyu." Akacheka, akainyooshea tena tochi, "Baba." Ukaivaa, ukamuuliza Baba ni nani, akakurukia shingoni. Tangu hapo tochi ni baba na baba ni tochi, hakuna aliyeweza kumbadilisha.

Alikuwa akikimbia kidogo anachuchumaa. Midomo inapauka, kifua kinapanda na kushuka kama cha kifaranga. Shuleni mwalimu alituita akasema mtoto ni mpole, ana heshima, anawapenda wenzake, lakini herufi ya leo kesho haijui. Ndipo tukampeleka hospitali ya wilaya. Daktari alimsikiliza moyo, akamwangalia uso, akamtazama mikono na mgongo, akasema inaelekea ni ugonjwa wa nadra wa kuzaliwa nao, wenye kushika moyo, sura na akili kwa pamoja. Akasema mara nyingi hurithiwa. Akatuandikia twende hospitali kubwa ya Mwanza.

Ulimbeba Shija mgongoni kutoka stendi mpaka nyumbani. Tulipofika ukamlaza, ukanivuta nyuma ya banda la ng'ombe, ukapunguza sauti ili mama yako asisikie. Ukasema, "Kwetu hakuna uso kama ule. Kaulize kwenu." Halafu ukaongeza, "Au pengine wewe mwenyewe unajua pa kuuliza."

Maneno yale nimeyatembeza kifuani mpaka yamenitoboa. Ungenipiga kofi ningelisahau. Nilikutazama nikidhani utacheka, utasema unatania, maana wewe ni mtu wa utani. Hukucheka. Baada ya siku chache ukachukua nyundo, moko na tochi yako, ukambusu Shija kichwani, ukaniambia ukipata utatuma. Shija akazunguka nyumba nzima akitafuta ukutani pale palipokuwa na mbuzi na bata.

Utauliza kwa nini sikumwambia mama yako. Ningemwambiaje? Huyu ni mkwe wangu, mtu ambaye hata bakuli la uji simpelekei kwa mkono mmoja. Nimkalishe nimweleze kwamba mwanaye anashuku nimezaa na mwingine? Hakuna kinywa cha mkwe kinachotamka hayo. Akiniuliza uko wapi, nasema kazini. Akiniuliza mbona kimya, nasema mtandao. Tukawa tunakula sahani moja ya michembe ya viazi vikavu na karanga, kila mmoja anamheshimu mwenzake, na ile heshima ndiyo iliyotumaliza. Mimi nilikuwa na swali, yeye alikuwa na jibu.

Mwanza tulikwenda naye. Alisema siwezi kumbeba Shija na mzigo peke yangu, na kweli nisingeweza. Daktari wa moyo alikuwa dada mmoja mpole, anaongea na mtoto kabla ya kuongea na mama yake. Alimpaka Shija yale mafuta ya baridi kifuani akampitishia mashine, huku akimwonyesha kwenye kioo moyo wake unavyoruka. Akanieleza kwamba mlango mmoja wa moyo wake umebana, damu inapita kwa shida kwenda mapafuni, na inabidi akafunguliwe Dar es Salaam. Nilikuwa nimejiandaa kusikia hayo. Nilishika mkono wa Shija nikasema sawa.

Ndipo akauliza, "Kuna mtu yeyote katika ukoo, wa baba au wa mama, aliyefariki ghafla bila kuugua?"

Nikafungua mdomo kusema kwetu hakuna. Mayu akanitangulia. "Babu yake."

Daktari akamgeukia. "Ilikuwaje, mama?"

"Alianguka jarubani kwenye mpunga, jembe likiwa mkononi. Asubuhi alikula michembe, akawatania watu, jua lilipopanda tukambeba. Alikuwa kijana, hakufika hata umri wa mwanangu sasa." Akafungua fundo la kitenge chake akalifunga tena. "Watu walisema amelogwa. Kulikuwa na bibi jirani, macho yake mekundu kwa moshi wa kupikia. Alihamishwa kijiji kwa sababu ya kifo kile. Aliondoka na sufuria yake kichwani."

Kwa hiyo ndiyo maana hatukuwahi kusimuliwa, Baba Shija. Kifo cha namna ile hakizungumzwi mbele ya watoto. Ulikua ukijua baba alikufa, basi.

"Na umbo lake lilikuwaje?" daktari akauliza.

"Mfupi. Shingo hana. Macho yake hivi." Mayu akatanua vidole viwili mbele ya uso wake. Halafu akamwangalia Shija aliyekuwa anacheza na kamba ya kitambulisho cha daktari. "Huyu hapa ni yeye. Na baba yake huyu mtoto alipozaliwa alikuwa hivi hivi, masikio haya haya, ngozi hii hii ya shingo. Nimemzaa mimi, namjua. Mimi nilidhani ni sura yao. Nilikuwa naifurahia."

Nilihisi kiti kinanihama. "Mayu," nikasema, "mbona hukuwahi kusema?"

Akanigeukia kwa mshangao wa kweli. "Niseme nini, mwanangu? Nani aliniuliza? Mtu akifanana na baba yake kuna la kusema hapo?"

Nitakuambia ukweli ingawa haunipendezi: kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Nilitaka nisimame juu ya meza ya daktari nipige vigelegele. Shija ni wako. Ni wako kuliko watoto wote wa Usukuma walivyo wa baba zao, amebeba mpaka masikio yako. Wewe hukuujua uso wa baba yako, wala hujui wako ulivyokuwa uchangani, ukasimama nyuma ya banda ukaniambia kwenu hakuna uso huo. Na mimi niliyelala ubavuni mwako miaka yote sikuuona. Daktari alisema sura hii hujificha kadiri mtu anavyokua. Aliye mtu mzima utamwona ni mfupi tu, macho yamekaa mbali, basi, watu wanamtania wanaendelea na safari.

Furaha yangu haikumaliza kupanda. Daktari akauliza, "Na huyo baba yuko wapi?"

"Machimboni," nikajibu.

"Anafanya kazi gani huko?"

"Anashuka duara. Anapasua mwamba, anapanda na viroba vya mawe mgongoni."

Akaweka kalamu chini. Akazungumza polepole ili mimi na mayu tuelewe sote. Alisema mzazi mwenye ugonjwa huu, kila mtoto anayemzaa anaweza kuupata au kuukosa, kama kurusha shilingi. Wengine unawashika sana, kama Shija. Wengine unawagusa kidogo, wanakua, wanaoa, wanafanya kazi, akili zao timamu, hawajui kama wanao. Lakini moyo wao unaweza kuwa na nyama iliyonenepa kuliko kawaida, damu ikakosa nafasi, na siku mtu anapojitutumua sana unasimama. "Sijamwona, kwa hiyo siwezi kusema anao wala hana," alisema. "Lakini kwa haya mliyonieleza, mpaka apimwe, asibebe mzigo na asishuke shimoni. Mpateni."

Mpateni. Mayu aliinuka pale pale, akachukua fimbo yake utadhani machimbo yako ng'ambo ya barabara.

Neno lile lile la mayu lililonisafisha mimi ndilo lililokutia wewe hatarini, na sijui nilishukuru au nililaani. Kwenye benchi la nje nilimwambia mama yako yote uliyoniambia nyuma ya banda. Heshima ilikuwa imekwishatugharimu ya kutosha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu ni mjinga." Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili. "Na yule bibi tulimfukuza bure." Aliyarudia hayo mpaka basi lilipoondoka.

Tangu siku hiyo nakumbuka mambo ambayo zamani nilikuwa nayacheka. Ulipokuja msimu wa kupandikiza mpunga, ukafanya kidogo ukaenda kukaa kwenye tuta mkono kifuani. Nilikuita mvivu mbele ya watu. Ulisema ni vumbi la duara halijatoka. Na ile habari uliyotusimulia ukicheka, jinsi ulivyotoka juu na kiroba, ukaona giza, ukaja kuzinduka wenzako wanakumwagia maji na soda iko mdomoni. Mlisema ni hewa chafu ya chini. Lakini ulikuwa umekwishatoka nje, Baba Shija. Ulianguka juani, penye upepo. Hewa gani chafu hiyo? Nalala na swali hilo, naamka nalo.

Nilianzia Katoro na Shija. Wengine walinilaumu kumzungusha mtoto mgonjwa kwenye vumbi, nami sikuwa na namna nyingine. Picha yako ninayo moja, ya harusi, na umevaa kofia. Tulikwenda karasha kwa karasha. Kila mchimbaji anayepita na tochi kichwani, Shija anamnyooshea mikono, "Baba." Mwanzo wanacheka, wanamwambia njoo basi nikununulie soda. Anapomwita wa pili, na wa tatu, na wote waliosimama pale, hawacheki tena. Mzee mmoja mweupe kwa unga wa mawe alivua tochi yake akaificha nyuma ya mgongo.

Halafu mama mmoja anayepika ugali na maharage karibu na mashimo akasimama na mwiko wake, akamtazama Shija kabla mimi sijafungua mdomo. Akasema, "Huyu si wa Mchwa huyu?"

Sikuwa nimemwambia jina lako, wala picha sikuwa nimeitoa.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Shoga, mtu anauliza? Huyo ni Mchwa aliyefupishwa."

Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia, wateja wake wakiniangalia na matonge mikononi. Uso ulioukana ndio uliokutambulisha. Yule mama akanipa maji, akaniambia ulikuwa ukila kwake, ulikuwa ukiwachekesha wote, na kwamba uliondoka na kundi lililokimbilia rashi mpya ya dhahabu upande wa Runzewe. Akasita, nikamwomba asinifiche. Akasema siku ya mwisho hukula. Ulikaa juu ya gunia, mkono hapa, akaonyesha kifua chake. Alipokuuliza, ulimjibu kwamba moyo wako unamkumbuka mtu.

Mtu yupi, Baba Shija? Kama ni mimi, njoo uniambie mwenyewe. Kama ni Shija, yuko hapa, amelala kwenye paja langu ninavyoandika, na mapigo ya moyo wake nayahisi kwenye goti. Kama haikuwa kumbukumbu bali ni kile kilichomwangusha baba yako jarubani, basi naogopa hata kuimalizia sentensi hii.

Nakuogopea mpaka nakasirika. Nakukasirikia mpaka nakuogopea tena. Sijui kusali vizuri, siku hizi nasema tu jina lako na kusimama hapo. Tulimwita babu kwa jina lake, tukachinja jogoo, tukasema amerudi. Aliporudi kweli, na uso wake na moyo wake, hakuna aliyemtambua ila mama yako, na yeye hakuna aliyemuuliza.

Tuko Runzewe sasa. Kesho tunapita mashimo yaliyobaki upande huu, na baada ya hapo Shija na mimi ni lazima tupande basi la Dar es Salaam, maana mlango wa moyo wake hauwezi kukungoja. Hilo ndilo linalonipasua. Nikikufuata wewe nampoteza huyu, nikimpeleka huyu nakuacha wewe shimoni. Kwa hiyo barua inabaki badala yangu, na mama yako yuko nyumbani, amekataa kutoka hata kwenda kisimani asije akakukosa. Nenda kwake. Usimweleze kitu, anajua vyote. Mruhusu akutazame tu.

Na wewe usomaye ambaye si Mchwa, ndugu yangu, usiniambie pole. Simama kwenye mdomo wa duara lenu, uangalie wanaopanda na kushuka. Ukiona mtu mfupi, mwenye utani, macho yamekaa mbalimbali, shingo imezama mabegani, mshike mkono. Atakataa, atakuchekesha. Usicheke. Mzuie.

Maganga, mume wangu, sikuiti kwa jina lako kwa kukosa adabu, nakuita lisije likampata mwingine. Kesho nitasimama juu ya kila shimo nitakaloruhusiwa kusogelea, na Shija nitamshika kiunoni. Huko chini gizani ataona tochi zenu, na kwa kila tochi ataita. Ukisikia sauti ya mtoto inaita Baba, usiitike kwa kupiga kelele, usinyanyue kiroba, usikimbilie ngazi. Acha kila kitu hapo kilipo. Panda polepole, baba. Ukichoka pumzika, halafu upande tena. Hatutaondoka pale juu.

Mkeo mrefu,
Mama Shija